Proso si Mtama: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nafaka ya Waslavi

Barua tano tulizozipokea mwezi huu zote zinahusu nafaka moja ndogo inayoliwa Ulaya Mashariki na majina inayoitwa huko. Tumezipanga pamoja kwa sababu jibu la mmoja ndilo linalomfungulia njia mwenzake.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi mitambo mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Katika miaka ya 1980 nilisoma Kiev, na bwenini tulikuwa tukipewa asubuhi uji mzito wa rangi ya manjano ambao wenyeji walisema umepikwa kwa pshono. Nilipotaka kujua pshono inalimwaje, nikaambiwa kwamba shambani hakuna pshono, shambani mna proso. Hapa barazani kwetu kuna mwenzangu aliyesoma Sofia, naye anasema kwamba alisikia proso tu, na mwingine aliyesoma Prague anashikilia kwamba kitu hicho kinaitwa jáhly. Tumebishana mpaka kahawa imepoa. Je, hizi ni nafaka tatu au ni moja? Na je, si mtama huu huu wetu?

JIBU: Shikamoo mzee wetu, na utufikishie salamu barazani. Nafaka ni moja, na kila mmoja wenu alisikia sawasawa. Kinachowatofautisha ni kwamba kila lugha imeamua kwa namna yake ni wapi ibadilishe jina wakati punje inapotoka shambani kwenda chunguni. Kwetu sisi jambo hili si geni, kwa kuwa tunalifanya kila siku kwa mpunga. Hakuna Mswahili anayesema kwamba amepanda mchele wala kwamba amekula mpunga: mmea na punje yenye kapi ni mpunga, punje iliyokobolewa ni mchele, na kilichopikwa ni wali. Waukraina nao wanaita mmea na punje yenye ganda proso, punje iliyokobolewa pshono, na chakula chenyewe kasha, ingawa hilo la mwisho ni jina la jumla linaloweza kutumika pia kwa chakula cha shayiri au cha mchele. Warusi wana mpangilio uleule, ila wao husema psheno.

Sababu ya kuwepo kwa majina mawili iko katika punje yenyewe. Proso, ambayo wataalamu wa mimea huiita Panicum miliaceum, ina punje ya mviringo yenye kipenyo cha milimita mbili hivi, nayo hutoka kwenye kupurwa ikiwa bado imefungwa ndani ya ganda gumu linalong'aa. Ganda hilo laweza kuwa jeupe, la manjano, jekundu au la kahawia iliyokolea, lakini ukilibandua kwa ukucha utakuta ndani punje ya manjano, ileile uliyoiona bwenini. Bila kutwangwa au kupitishwa kwenye mashine ya kukoboa, haipikiki ikalika. Nunua ulezi au uwele pale Mgandini, uusugue viganjani, na utaona tofauti mara moja: punje zake ziko wazi, kwa hiyo mpishi anaweza kuzipeleka moja kwa moja mashineni zikasagwe. Kati ya nafaka tulizozizoea, mpunga ndio unaotulazimisha kuondoa kapi kwanza, na mpunga ndio uliopata jina la pili baada ya kukobolewa. Waslavi walikuwa na proso.

Sasa tuyatazame majina yenyewe. Jina la mmea ni moja karibu kila mahali wanapoishi Waslavi: Warusi, Waukraina, Wapolandi, Wacheki, Waslovaki, Waslovenia, Wakroatia, Waserbia, Wamasedonia na Wabulgaria wote husema proso. Wabelarusi huandika prosa, si kwa sababu wana neno jingine, bali kwa sababu lugha yao huandika kama inavyotamkwa, na kwao "o" isiyo na mkazo hugeuka kuwa "a". Wasorbia wa Chini, jamii ndogo ya Waslavi iliyomo ndani ya Ujerumani, husema pšoso, kwa kuwa katika lugha yao "pr" ya kale mara nyingi iligeuka ikawa sauti ya "psh". Ni nadra neno kukaa zaidi ya miaka 1,000 katika lugha zilizotawanyika hivyo, tangu Bahari ya Adria hadi Siberia, na lisipishane hata kwa herufi moja katika nyingi kati yake. Hali hiyo inatuambia kwamba Waslavi walikuwa wakilitumia kabla hawajatengana, na kwamba hawakuacha kuilima nafaka hiyo, kwa sababu jina la kitu kilichoachwa hupotea au huhamia kwingine.

Ushahidi wa watu wa nje unakubaliana na ule wa lugha. Kitabu cha mbinu za vita cha Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, kinachonasibishwa na Kaizari Mauricius, aliyetawala kuanzia mwaka 582 hadi 602, kinawataja Waslavi kuwa watu wenye mifugo na mazao mengi waliyoyarundika, na kati ya mazao hayo kinazitaja hasa nafaka mbili za aina hii. Kwa msomaji wa pwani atakayevutiwa zaidi na shahidi wa Kiislamu, yuko Ibn Rusta wa Isfahani, aliyeandika kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 10. Anasema kwamba sehemu kubwa ya kilimo cha Waslavi ni dukhn, jina ambalo Waarabu hulitumia kwa nafaka za namna ya uwele, na kwamba siku za mavuno huchota punje zake katika upawa, wakaziinua kuelekea mbinguni na kumwomba Mola aliyewaruzuku awatimizie riziki hiyo. Kwamba kati ya mazao yote waliinua hilo, mimi naliona ni ushahidi mkubwa kuliko orodha yoyote ya maneno.

Neno proso lenyewe limetoka wapi? Hapo wanaisimu hawajakubaliana, na wengi wameridhika kusema kwamba ni neno la kale sana ambalo ndugu zake nje ya familia ya Kislavi ni wachache. Ndugu wa karibu ni prassan la Kiprusi cha Kale, lugha ya jamii ya Kibaltiki iliyokufa mwanzoni mwa karne ya 18. Walatvia husema prosa, lakini hao waliazima kwa jirani.

Pshono, kinyume chake, ni neno linalofunguka lote. Limetokana na kitenzi cha kale cha Kislavi kilichokuwa na maana ya kusukuma kwa nguvu na kuponda, ambacho bado kinaishi katika Kirusi kama pikhat na katika Kipolandi kama pchać, ingawa siku hizi kimebaki na maana ya kusukuma tu. Umbo la pshono ni la kutendwa, kwa hiyo maana yake ya asili ni "kilichotwangwa". Kutokana na shina hilohilo Waslavi wakaunda jina la ngano: pshenitsa kwa Kirusi, pszenica kwa Kipolandi, pšenice kwa Kicheki, na mengine yanayofanana nayo mpaka Bulgaria. Kwa hiyo ngano na proso iliyokobolewa ni majina ya baba mmoja, jambo ambalo, kama tutakavyoona katika barua ya mwisho, huwasumbua wanunuzi hata leo.

Wacheki na Wapolandi hawakulishika sana lile la kutwanga. Wao kwa punje iliyokobolewa hutumia jáhly na jagły, na dukani Polandi utakuta pakiti imeandikwa kasza jaglana. Wasorbia wa Juu wana jahły. Slovakia, iliyo katikati, inayo yote mawili, jahly na pšeno. Wabulgaria kwa kawaida hawasumbuki na jina la pili: proso ni shambani na proso ni jikoni. Basi mwenzako wa Sofia hakupitwa na kitu, na yule wa Prague alilisikia jina la jikoni bila kulisikia la shambani, kwa kuwa mwanafunzi wa mjini hana la kumpeleka shambani.

Kuhusu mtama, jibu ni hapana, na maelezo yake yamo katika barua inayofuata.

SWALI: Mhariri, mimi ni mfasiri, ninaishi Bagamoyo. Nina kazi mezani ambayo imejaa neno proso, na kila kamusi ninayoifungua inanipeleka kwenye neno la Kiingereza "millet" na kutoka hapo inaniletea mtama, au uwele, au ulezi, kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Niandike lipi?

JIBU: Ndugu mfasiri, shida yako imezaliwa na Kiingereza, ambacho kina kapu moja linalobeba nafaka ndogondogo za kila namna. Kiswahili hakina kapu hilo na hakilihitaji. Mtama ni mmea mrefu wenye bua nene na kichwa kilichojaa punje kubwa; uwele una kichwa kirefu kilichosimama wima; ulezi, ambao ndugu zetu wa Kenya huuita wimbi, una vidole vinavyojikunja. Mkulima wa Handeni hawezi kuvichanganya, na mfasiri hana sababu ya kumchanganya kwa niaba ya kamusi.

Ukipenda kwenda kwa nasaba ya mimea, proso iko kundi moja na uwele. Mtama umo katika kundi la muwa na mahindi, na ulezi uko mbali zaidi, karibu na tefu ya Waethiopia. Kwa hiyo, kama ni lazima uchague jina moja kati ya yale matatu, chagua uwele, na mtama uwe wa mwisho kabisa. Ushauri wangu lakini ni kwamba usichague hata moja: andika proso, na mara ya kwanza uieleze kwa maneno machache kuwa ni nafaka ndogo yenye ganda, ya jamii ya uwele, ambayo kichwa chake huinama kama cha mpunga. Msomaji wa Kiswahili ameshazoea tambi, chapati na pilau, proso halitamshinda.

Lakini angalia pia upande wa pili, kwa kuwa Waslavi nao wanazo nafaka zetu katika vitabu vyao. Mtama, Warusi huuita sorgo, Wacheki čirok na Waserbia sirak, na huko Serbia unajulikana hasa kwa aina inayotengenezewa mifagio. Uwele Warusi huuita proso la Afrika au proso la lulu. Hao wamefanya lile ambalo wewe unaogopa kulifanya, yaani wamechukua jina la nafaka ya nyumbani wakaivika ya ugenini. Ulezi wanao kwa jina la dagussa, walilolipata kutoka Ethiopia. Iko pia nafaka nyingine ya kwao, yenye kichwa chenye manyoya mengi, ambayo Wacheki huiita bér, Wapolandi na Waslovenia ber, Waserbia bar. Hiyo si proso, na ukiikuta katika kazi yako usiiunganishe nayo, kwa sababu hata zamani walizitenganisha.

SWALI: Mimi ni muongoza watalii Pangani. Wageni wetu wa Polandi kila ukiwapa kitu husema "proszę", na wa Jamhuri ya Cheki husema "prosím". Nimewaambia wenzangu kwamba limetoka kwenye proso, maana zamani mgeni alikuwa akiomba nafaka. Nimekosea?

JIBU: Hadithi yako ni tamu, ndugu yetu, na ukiisimulia kwenye mashua hakuna atakayekudai ushahidi, lakini maneno hayo hayana udugu. Proszę na prosím ni "naomba", kutokana na kitenzi prositi, ambacho kina jamaa zake mpaka katika Kilatini, ambako precor ni "nasali, naomba". Jina la nafaka limefanana nacho kwa bahati tu. Kama unataka neno la Kipolandi ambalo lina udugu wa kweli na chakula hicho, mfundishe mgeni wako kwamba pchać, yaani "kusukuma", ambalo huliona kwa Kipolandi cha leo kwenye milango ya maduka likiwa katika umbo la amri, ni ndugu wa pszenica, ngano.

SWALI: Nina mashine ya kusaga Muheza. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani ugali ulikuwa wa mtama na uwele, mahindi yakaja yakafuta yote. Je, kwa hao Waslavi mahindi hayakufika?

JIBU: Yalifika, na katika nchi za Balkani yalifanya kama yalivyofanya Muheza. Mahindi yametoka Mexico, na katika karne za 16 na 17 yalienea Ulaya Kusini Mashariki yakaisukuma proso kando, kwa kuwa mavuno yake kwa shamba lilelile ni makubwa zaidi. Kinachovutia ni yale yaliyoyapata majina. Waserbia wana mkate wa unga wa mahindi unaoitwa proja, na mkate huo kabla ya mahindi ulikuwa wa proso, na jina lake lilitokana na proso. Unga ukabadilika, mkate ukabaki na jina. Wamasedonia wamekwenda mbali zaidi: kwao pčenka, neno la shina lilelile la "kilichotwangwa", leo ni mahindi, na pčenica ni ngano. Mrusi akisikia pčenka atadhani ni uji wa proso, kwa sababu kwake pshonka ni huo.

Wabulgaria waliyapa mahindi jina jipya kabisa, tsarevitsa, lenye harufu ya ufalme. Sisi tukayaita mahindi, jina linaloielekea India ilhali mmea hautoki huko, kwa hiyo hatuna haki ya kuwacheka.

Kaskazini zaidi, katika nyika za Ukraina na Urusi, proso haikuondoka kwa urahisi. Inakomaa kwa siku 60 hadi 90, na hutumia maji machache kuliko nafaka nyingi, hivyo mkulima ambaye ngano yake imekufa kwa baridi au kwa ukame anaweza kuipanda akiwa amechelewa na bado akavuna. Ukulima wake ulianzia kaskazini mwa China, ikafika Ulaya katika zama za shaba, karibu na karne ya 16 kabla ya Kristo. Waukraina wana chakula chao cha zamani kinachoitwa kulish, pshono iliyochemshwa kwa mafuta ya nyama na vitunguu katika chungu kimoja, ambacho Wakosaki, wapiganaji wapanda farasi wa nyika hizo, walikipika safarini. Kusini, Wabulgaria, Wamasedonia na Waserbia wana boza, kinywaji kizito chenye uchachu na utamu ambacho kwa asili hutengenezwa kwa nafaka hii. Mtu aliyelelewa kwa togwa hatahitaji kuelezwa zaidi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa Chumbageni. Mwanangu anasoma Kazan, nchini Urusi, na kwa baridi ya huko nilimwambia atafute nafaka ya kupikia uji. Rafiki yake wa Kirusi alimwandikia jina kwenye karatasi, akaenda dukani, akarudi na kitu ambacho kilipikika kikawa kigumu na si cha manjano. Mara ya pili akapata cha manjano, lakini kikawa kichungu. Amekosea wapi?

JIBU: Mama, mwanao ameangukia pale ambapo hata Warusi wenyewe huanguka. Kivumishi cha psheno ni pshonnaya, na kivumishi cha pshenitsa ni pshenichnaya. Maneno mawili ya shina moja yaliyokaa rafu moja. Pakiti ya kwanza bila shaka ilikuwa pshenichnaya, yaani ngano iliyopasuliwa vipandevipande. Mwambie atafute neno fupi пшено, la herufi tano, na aitazame punje kupitia kwenye plastiki: proso iliyokobolewa ni nzima na ya mviringo, ngano ni chenga zenye pembe.

Ule uchungu si wa aina ya nafaka. Punje ya proso ina mafuta, na ikishakobolewa mafuta hayo huanza kuharibika, kwa hiyo iliyokaa sana dukani au kabatini huwa chungu. Asome tarehe, achague iliyopakiwa karibuni, na anunue kidogokidogo. Kabla ya kupika aioshe kwa maji ya moto, si ya baridi, akibadilisha maji mara kadhaa mpaka yatoke safi, kisha aibandike kwa kikombe kimoja cha nafaka na vikombe vitatu vya maji, chumvi kidogo, moto mdogo. Maziwa ayatie punje zikiwa zimeshaanza kulainika, kwa sababu akiyatia mapema zitachelewa kuiva.